Makapu Matatu, Soko Moja: Ulinganishi wa Gharama za Maisha baina ya Jamii za Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar, 1939–1954

Utangulizi

Kulinganisha gharama za maisha huonekana kuwa kazi ya hesabu tu. Mchunguzi huchukua bei ya unga, kodi ya chumba na bei ya nguo katika sehemu mbili, akaziweka sambamba, kisha akatoa hukumu kwamba huku maisha ni ghali na kule ni nafuu. Ugumu huanza pale anapoulizwa unga huo ni wa nani, na katika chumba hicho analala nani. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki chini ya utawala wa Waingereza, swali hilo halikuwa la nadharia. Lilijibiwa katika majedwali ya serikali, na majibu yake yaliamua nani apate mchele na nani apewe unga wa mahindi, nani alipwe kama mtu mwenye familia na nani ahesabiwe kuwa mseja hata kama alikuwa na mke na watoto.

Makala hii inachunguza namna gharama za maisha zilivyolinganishwa baina ya jamii za Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar kuanzia migomo ya mwaka 1939 hadi ripoti ya Kamati ya Carpenter ya mwaka 1954. Hoja yake ni kwamba kile kilichoitwa gharama za maisha katika nyaraka za kikoloni kilitanguliwa na uamuzi juu ya kile ambacho kila jamii ilistahili kula, kuvaa na kulalia. Bei zilikuja baadaye, zikajazwa ndani ya makapu ambayo ukubwa wake ulikwisha kupangwa. Kwa sababu hiyo, migogoro mikubwa ya kazi ya kipindi hicho inaeleweka vyema zaidi ikisomwa kuwa mabishano juu ya kapu lenyewe: nini kimo, nini kimeachwa, na nani ana haki ya kulijaza.

Miji hii mitatu inafaa kwa uchunguzi wa namna hii. Tangu mwaka 1936, Zanzibar ilipoacha rupia, yote ilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Meli zilezile zilitia nanga katika bandari zote tatu, na kanga, mafuta ya taa na mchele wa Burma vilishushwa kutoka katika matumbo ya meli hizo. Kisheria tawala zilitofautiana: Mombasa ilikuwa sehemu ya Hifadhi ya Kenya iliyokodishwa kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na Zanzibar yenyewe ilikuwa hifadhi yenye Sultani wake. Lakini mpagazi aliyevuka kwa jahazi kutoka Forodhani hadi Dar es Salaam hakuhitaji kubadilisha fedha wala kujifunza majina mapya ya vipimo vya dukani. Tofauti kubwa ya gharama aliyokutana nayo haikuwa kati ya mji na mji. Ilikuwa kati ya mtaa na mtaa.

Miji iliyogawanywa kabla ya kupimwa

Lugha ya Kiswahili ilikwisha kuutaja mgawanyo huo kabla ya wanatakwimu kufika. Maneno Uzunguni, Uhindini na Uswahilini hayakuwa majina ya mahali tu. Yalikuwa majina ya viwango vya maisha. Dar es Salaam ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Kanuni za ujenzi zilizoanzia enzi za Wajerumani, kisha zikaendelezwa na Waingereza, ziliugawa mji katika maeneo matatu kwa kigezo cha aina ya nyumba iliyoruhusiwa kujengwa. Sheria haikulazimika kutaja rangi ya mtu: nyumba ya Kizungu ilihitaji fedha ambazo Mwafrika hakuwa nazo, na nyumba ya udongo na makuti haikuruhusiwa karibu na bahari. Kiwanja kitupu cha Mnazi Mmoja kiliachwa kati ya Uhindini na Kariakoo.

Mgawanyo huu ulikuwa na athari ya moja kwa moja kwa gharama. Ofisa wa Kizungu aliishi katika nyumba aliyopewa na serikali, akapewa likizo na nauli ya kurudi kwao, na mshahara wake ulipangwa kwa kuzingatia kwamba angesomesha watoto mbali na hapo. Karani wa Kihindi au Mgoa alikabiliwa na kodi kubwa katika majumba ya ghorofa yaliyofurika watu, na ada za shule za jamii yake. Wakati wa vita, malalamiko ya kodi za nyumba yalikuwa makali sana miongoni mwa Wahindi wa Dar es Salaam, kwa kuwa wenye nyumba na wapangaji walikuwa aghalabu wa jamii hiyohiyo moja. Mwafrika wa Kariakoo au Ilala alipanga chumba katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi wa katikati na vyumba pande mbili, ambayo mwenyewe, mara nyingi mwanamke, aliishi katika kimojawapo na kuvikodisha vilivyobaki.

Katika Zanzibar mpaka ulikuwa hori lililotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Kule gharama za makazi zilikuwa zimeleta msuguano mapema zaidi: mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi iliyokuwa chini ya nyumba walizojijengea wenyewe. Jambo hili lina uzito katika historia ya vipimo. Watu wa Ng'ambo walionesha kwamba gharama inayomwumiza mkazi si lazima iwe ile inayoonekana sokoni. Inaweza kuwa ile anayodaiwa kwa kukaa tu mahali alipo.

Kodi za serikali nazo zilifuata mipaka ya jamii. Kenya, kodi ya kichwa na ya nyumba kwa waliohesabiwa kuwa wenyeji ilikuwa na sheria yake, na wasio wenyeji walikuwa na sheria nyingine. Ndiyo maana Waswahili wa Mombasa wa Thenashara Taifa walihangaika kwa miongo kadhaa wakidai wasiwekwe katika kundi la wenyeji pamoja na watu wa bara. Wanahistoria wengi wameyasoma madai hayo kama suala la heshima na nasaba, na kweli heshima ilikuwamo. Hata hivyo, kuwa mwenyeji au kutokuwa mwenyeji kulikuwa pia na bei yake.

Vita na swali la mchele

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoyageuza makundi haya kuwa makapu ya hesabu. Mwaka 1942 Japani iliiteka Burma, na mchele ambao pwani nzima ilikuwa imeuzoea ukakatika. Zanzibar iliathirika kuliko wenzake, kwa kuwa uchumi wake wa karafuu ulitegemea chakula cha kuagizwa kutoka nje. Serikali zote tatu zilianzisha udhibiti wa bei na ugawaji wa chakula kwa rasheni, na rasheni hiyo ilipangwa kwa jamii.

Mantiki yake ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kuitetea. Ilidhaniwa kwamba Mzungu hula mkate, Mhindi na Mwarabu hula mchele na ngano, na Mwafrika hula mahindi, mtama au muhogo. Kwa hiyo kila jamii ilitengewa kile kilichodhaniwa kuwa chakula chake cha asili. Dhana hiyo huenda ilikuwa na ukweli kwa mtu aliyewasili juzi kutoka Ugogo au Ukambani. Kwa Mzaramo aliyezaliwa Kariakoo, kwa Mmanyema ambaye wazazi wake walikuwa wakipika wali tangu kabla ya Wajerumani, au kwa mtu wa Ng'ambo ambaye sahani ya wali ilikuwa ndiyo chakula cha mgeni na cha sikukuu, ilikuwa ni kuambiwa kwamba serikali inajua tumbo lake kuliko yeye mwenyewe.

James Brennan, katika utafiti wake juu ya Dar es Salaam, ameonesha kwamba rasheni ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozifanya jamii za mji huo zitazamane kwa makundi ya rangi zaidi kuliko hapo awali. Uchunguzi huo unafaa kupanuliwa hadi Zanzibar, ambako mpaka kati ya Mwarabu, Mshirazi, Mngazija na Mwafrika ulikuwa na ukungu mwingi, na ambako mtu mmoja angeweza kujitaja kwa majina mawili katika maisha yake bila kusema uongo. Rasheni haikuvumilia ukungu wa namna hiyo. Kila mtu alitakiwa awe na kundi, na kundi lilikuwa na chakula chake. Ni vigumu kufikiria namna iliyo kali zaidi ya kufundisha watu umuhimu wa kabila lao.

Bei za chakula chenyewe hazikuwa zimetokana na soko huru. Kenya, chini ya udhibiti wa mahindi ulioanzishwa mwaka 1942, mkulima wa Kizungu alihakikishiwa bei iliyozidi ile iliyomfikia mkulima Mwafrika, ambaye makato mbalimbali yaliipunguza bei yake kabla hajaipokea. Mfanyakazi wa bandari ya Mombasa alinunua unga ambao bei yake ilikuwa imebeba ruzuku ya mashamba ya nyanda za juu. Ndugu yake aliyelima kijijini alipata kidogo kwa gunia, na yeye mwenyewe mjini akalipa kingi kwa kibaba. Ulinganishi wowote wa gharama za maisha kati ya jamii za Kenya unaoanzia kwenye rafu za duka, bila kufika shambani, unaikosa nusu ya habari.

Mseja wa kwenye karatasi

Kapu la Mwafrika lilijengwa juu ya mtu mmoja wa pekee sana: mwanamume mzima, mwenye afya, asiye na mke, asiye na mtoto, asiyeuguza mzazi, na anayepika mwenyewe. Kima cha chini cha mshahara kilikadiriwa kwa kuhesabu mahitaji yake ya chakula, kuni, sabuni, mafuta ya taa na nguo, kisha kuongeza kiasi kidogo kwa mengineyo. Familia haikuwamo. Ilidhaniwa kwamba mke na watoto wako kijijini, wanalima, wanajilisha, na kwamba mshahara wa mjini ni nyongeza tu juu ya shamba.

Hesabu hii ilikuwa na mizizi katika mfumo mzima wa kazi za muda. Neno kibarua lenyewe linasimulia historia hiyo: mtu alijulikana kwa kipande cha karatasi alichopewa kwa kazi ya siku. Mwajiri hakuhitaji kujua alikotoka wala anakorudi. Mombasa, kibarua wa Kidigo au Kirabai aliyekuwa na shamba karibu aliweza kufanya kazi siku kadhaa kwa mwezi na kujaziliza kwa mihogo na nazi za kwao. Mjaluo au Mkikuyu aliyesafiri kwa reli mamia ya maili hakuwa na njia hiyo. Wote wawili walikuwa "Waafrika" katika jedwali moja, na wastani wao ulikuwa mshahara usiomwelezea yeyote kati yao. Tofauti baina ya jamii za Kiafrika zenyewe ndiyo sehemu iliyopuuzwa zaidi katika hesabu za wakati huo, na kwa kiasi fulani hata katika uandishi wa baadaye.

Mseja wa kwenye karatasi alipika mwenyewe, lakini mseja wa Majengo alikodi nafasi ya kulala tu. Mtu asiye na jiko hawezi kufaidi bei ya unga mbichi; hununua uji, chapati, mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga kutoka kwa wauzaji wa barabarani, na kila sahani hubeba faida ya mpishi, gharama ya kuni zake na hatari ya kumalizwa na mvua. Isitoshe, aliyelipwa kwa siku alinunua kwa siku. Alinunua unga kwa kibaba, si kwa gunia, na mafuta ya taa kwa kipimo cha chupa, si kwa debe. Wahenga waliosema kwamba haba na haba hujaza kibaba walikuwa wakisifu uvumilivu. Mwenye duka alijua pia kwamba kibaba na kibaba hujaza gunia kwa bei iliyo juu kuliko ya gunia.

Kisha kulikuwa na deni. Tanganyika ilikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, iliyotungwa kwa nia ya kumlinda Mwafrika asifilisiwe na wafanyabiashara. Matokeo yake yalikuwa na sura mbili. Mfanyabiashara ambaye hangeweza kudai deni lake mahakamani aliona usalama katika kupandisha bei, au katika kushika mali ya mkopaji. Duka la rehani likawa sehemu ya uchumi wa nyumba za Dar es Salaam: kanga, koti au baiskeli iliingia katikati ya mwezi na kutoka siku ya mshahara, ikiwa ilitoka. Riba ya rehani haikuonekana katika kapu lolote la serikali. Kwa Mzungu mwenye hesabu benki, na kwa Mhindi aliyeweza kukopa kwa jamaa au kwa jamii yake, kupata fedha kabla ya tarehe ya mshahara kulikuwa jambo la kawaida na la bei ndogo. Kwa mfanyakazi wa Ilala, muda wenyewe ulikuwa ghali.

Mwaka 1942 serikali ya Tanganyika ilichunguza mishahara na gharama za maisha za waajiriwa wake Waafrika wa daraja la chini mjini Dar es Salaam. Uchunguzi huo ulionesha kwamba wengi wa waajiriwa hao walilipwa chini ya kile ambacho wachunguzi wenyewe walikiona kuwa kinatosha kuishi. Lililo muhimu hapa ni nani aliyechunguzwa: hawakuwa vibarua wa siku, walikuwa watu wa serikali, wenye kazi ya kudumu. Serikali ilikuwa imejipima kwa kipimo chake yenyewe, tena kipimo cha ubahili, na haikufaulu.

Migomo kama ulinganishi

Wafanyakazi hawakusubiri wanatakwimu. Wao walilinganisha kwa macho, kila siku, kwa kuwa kazi yao iliwapitisha katika mitaa yote mitatu. Mpishi aliyenunua nyama kwa ajili ya jikoni la Uzunguni asubuhi alijua bei yake, na jioni alijua asichoweza kununua. Mshahara wake ulikuwa gharama ya maisha katika nyumba moja, na pato lote la maisha katika nyumba nyingine.

Migomo ya Mombasa ya Julai na Agosti 1939 ilianza kwa madai ya mshahara na nyumba. Tume ya Willan, iliyoteuliwa kuichunguza, ilikuta hali mbaya ya makazi na kodi zilizomeza sehemu kubwa ya mapato, na posho ya nyumba ikawa mojawapo ya majibu. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka huohuo, kisha tena mwaka 1943, wakati bei zilikuwa zimepanda kwa kasi na bidhaa zimeadimika. Kamati ya Phillips, iliyochunguza machafuko ya kazi Mombasa na kutoa ripoti mwaka 1945, ilikwenda mbali zaidi kuliko tume iliyotangulia kwa kuuliza kama mfumo wa vibarua wenyewe ndio uliozaa umaskini huo. Frederick Cooper, katika kitabu chake juu ya bandari ya Mombasa, ameona katika maswali hayo mwanzo wa fikra mpya ya kikoloni: kumtoa mfanyakazi katika ukibarua na kumfanya mtu wa mji mwenye familia. Ufasiri wake una nguvu. Unachohitaji kuongezewa ni kwamba familia hiyo ilidaiwa na wagomaji kabla ya kubuniwa na maofisa.

Ushahidi wake uko katika mgomo mkuu wa Mombasa ulioanza tarehe 13 Januari 1947. Wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi kwa siku 12: makuli, watu wa reli, wahudumu wa hoteli na hata watumishi wa majumbani. Mikutano yao ilifanyika katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini, na chama kilichozaliwa humo, Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika, kiliongozwa na Chege Kibachia. Miongoni mwa madai yao kulikuwa na malipo sawa kwa kazi sawa, na posho kwa ajili ya wake na watoto. Madai haya mawili yalilenga kiini cha hesabu ya kikoloni. La kwanza lilikataa kwamba kazi moja iwe na bei tatu kulingana na rangi ya anayeifanya. La pili lilikataa mseja wa kwenye karatasi. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, alifika kuwasihi warudi kazini kwa ahadi ya kusikilizwa. Baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker liliongeza malipo kwa sehemu ya wafanyakazi. Mwezi Agosti mwaka huohuo Kibachia alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Kabarnet.

Habari zilisafiri kwa njia zilezile za meli. Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda na reli hadi miji ya bara. John Iliffe, aliyeandika historia ya makuli hao, ameeleza jinsi walivyopata nyongeza kubwa iliyowaweka mbele ya wafanyakazi wengi wa nchi yao. Agosti 1948 zamu ilikuwa ya Zanzibar. Mmoja wa viongozi wa mgomo wa huko, Abbas Othman, alikuwa ametoka Dar es Salaam akiwa na uzoefu wa mapambano ya mwaka uliotangulia. Kwa mara nyingine gharama za chakula zilikuwa mbele, na mgomo ukaenea kutoka bandarini hadi mjini kote. Katika muda wa miezi ishirini hivi, bandari tatu zilikuwa zimefanya ulinganishi wa kikanda ambao hakuna idara ya serikali iliyokuwa imeufanya. Makuli wa kila bandari walijua mwenzao wa ng'ambo analipwa nini, na walijua kwamba kanga inauzwa karibu bei moja pande zote.

Tatu kwa tano

Baada ya migomo hiyo serikali zilihesabu kwa bidii zaidi. Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, chini ya Kamisheni Kuu iliyoanzishwa mwaka 1948, ilifanya uchunguzi wa mapato na matumizi ya vibarua Waafrika katika miji kadhaa, Nairobi na Dar es Salaam ikiwamo. Zanzibar, Profesa Edward Batson wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ambaye alikuwa amebuni kipimo cha mstari wa umaskini kwa ajili ya miji ya Afrika Kusini, aliongoza uchunguzi wa kijamii wa visiwa hivyo katika miaka 1948 na 1949. Kipimo kilichozaliwa katika mji wa ubaguzi wa rangi sasa kilitumika kuwapima wakazi wa Ng'ambo. Hilo halikifanyi kuwa kibaya kwa lazima. Batson mwenyewe aliunda kipimo chake ili kuufichua umaskini. Lakini kilikuwa kipimo cha mahitaji ya chini kabisa ya mwili, na hakuna aliyefikiria kukitumia Uzunguni.

Huko juu, katika utumishi wa serikali, ulinganishi ulifanywa kwa namna nyingine. Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali za Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar katika miaka 1947 na 1948, ilipendekeza kwamba mtumishi asiye Mzungu alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile. Sehemu hiyo ilikuwa sahihi mno kiasi cha kushangaza. Mwalimu aliyehitimu Makerere angeweza kusimama darasa moja na mwenzake kutoka Uingereza, akafundisha somo lilelile, akanunua mkate kwa bei ileile, na bado ahesabiwe kwamba senti 60 zake zinatosha mahali ambapo mwenzake anahitaji shilingi nzima. Wahindi waliokuwa makarani na mafundi waliipinga kanuni hii kwa nguvu sawa na wasomi Waafrika. Tume ya Lidbury iliifuta mwaka 1954, ingawa nyongeza maalumu kwa watumishi waliotoka ng'ambo ilibaki, safari hii kwa jina la kivutio cha ajira.

Mwaka huohuo wa 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika nchini Kenya, iliyoongozwa na Kamishna wa Kazi F. W. Carpenter, ilitoa ripoti yake. Ilikadiria kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni binafsi, na karibu robo ya wale wa utumishi wa umma, walilipwa kiasi kisichotosha mahitaji ya msingi ya afya, staha na uwezo wa kufanya kazi. Ilisema pia kwamba kumpima mfanyakazi kama mseja kulikuwa kosa, na ikapendekeza kima cha chini cha mtu mzima kiwe mara mbili na nusu ya kile cha mseja, kifikiwe hatua kwa hatua katika miaka kumi. Nambari hiyo, mbili na nusu, ndiyo kipimo cha pengo ambalo wanawake wa vijijini walikuwa wamelijaza kwa majembe yao kwa muda wote ambao mseja alitawala katika majedwali. Serikali ilikubali kumtofautisha mtu mzima na kijana, lakini haikuuchukua mpango mzima wa mshahara wa familia kama ulivyoandikwa. Ilipofika mwisho wa ile miaka kumi, Kenya ilikuwa jamhuri.

Fahirisi za jamii hazikudumu baada ya uhuru, kwa kuwa hakuna serikali ya nchi huru iliyoweza kuchapisha kapu la Mwafrika na kapu la Mzungu katika kitabu kimoja. Kenya ilikuja kuchapisha fahirisi tatu za bei za mlaji kwa jiji la Nairobi: ya wenye kipato cha chini, ya wenye kipato cha kati na ya wenye kipato cha juu. Kigezo kilikuwa kimehama kutoka rangi ya mtu hadi mfuko wake, na kwa mara ya kwanza familia ya Kiafrika iliweza kuonekana katika makapu yote matatu. Idadi ya makapu haikubadilika.